Pa Kujaribia Programu: Ushauri kwa Wenye Kompyuta za Kazi

Mtu aliyekabidhiwa kompyuta ambamo mna hesabu za duka, au alama za wanafunzi, au kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati, amekabidhiwa amana, na amana haichezewi. Hata hivyo majaribio hayaepukiki, kwa kuwa kila mwezi huja masasisho, kila baada ya miaka michache huja mfumo endeshi mpya, na hapakosi mtu wa kuingia ofisini na flashi mkononi akisema kwamba ndani yake mna programu nzuri kushinda ile mnayoitumia. Tukiyakataa yote tutabaki na mitambo iliyopitwa na wakati, ambayo nayo ina hatari yake, maana Windows 10 yenyewe iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na tukiyakubali yote pasipo kuyachunguza, siku moja tutalifungua faili la hesabu tulikute halifunguki. Lililobaki ni kuwa na mahali pa kujaribia ambapo pakiharibika hapaharibu kitu kingine. Na mahali hapo, kwa mtu asiye na fedha ya kununua kompyuta ya pili, ni mashine pepe.

Mashine pepe ni kompyuta kamili iliyoundwa kwa programu tu, ikakaa ndani ya kompyuta ya kweli na kufunguka katika dirisha kama linavyofunguka faili la barua. Kompyuta ya kweli huitwa mwenyeji, na mfumo unaoendeshwa ndani yake huitwa mgeni. Mwenyeji humkatia mgeni fungu la kumbukumbu na fungu la nguvu za prosesa, akampa na diski, ambayo kwa hakika ni faili moja kubwa lililohifadhiwa katika diski ya mwenyeji. Naye mgeni, asipopekua sana, hujiona yu peke yake juu ya kompyuta yake. Virusi vikila diski ya mgeni vimekula faili moja, nalo faili hilo unaweza kulifuta na kuendelea na kazi zako.

Asidhani msomaji kwamba maarifa haya ni ya jana. Wahandisi wa IBM katika kituo chao cha Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waliyaanza katika miaka ya 1960, zama ambazo kompyuta moja ilikuwa mali ya taasisi nzima na watu wengi hawakuwa na budi kuigawana; wakabuni mfumo uliompa kila mtumiaji kompyuta iliyoonekana kuwa yake pekee, na mwaka 1972 kampuni ikautangaza mrithi wa mfumo huo kwa wateja wake kwa jina la VM/370. Miaka miwili baadaye Gerald Popek na Robert Goldberg waliyaandika masharti ambayo mtambo sharti uyatimize ili uweze kubeba wageni bila ya udhia. Prosesa zilizomo katika kompyuta zetu za mezani hazikuyatimiza masharti hayo, hata ilipozaliwa kampuni ya VMware huko California mwaka 1998, ikapata hila ya kukivuka kikwazo hicho kwa programu, na mwaka uliofuata ikatoa Workstation. Intel mwaka 2005, na AMD mwaka 2006, ndizo zilizoanza kuutia uwezo wa kubeba wageni ndani ya prosesa zenyewe.

Nimeieleza tarehe hiyo kwa sababu moja. Kompyuta nyingi zilizopo madukani na maofisini, hata zile za mitumba zilizokwisha tumika Ulaya miaka mingi kabla ya kufika kwetu, zina uwezo huo katika prosesa lakini umezimwa, na mwenye nazo akijaribu kuwasha mgeni hupata ujumbe wa kukataliwa akadhani kompyuta yake haifai. Na afungue Task Manager katika Windows, sehemu ya Performance, atazame palipoandikwa Virtualization: pakiwa pamezimwa, aizime kompyuta, aingie katika BIOS wakati wa kuiwasha, na kuutafuta uwezo huo, ambao kwa prosesa za Intel aghalabu huitwa VT-x au Virtualization Technology, na kwa za AMD huitwa SVM Mode. Ni kazi ya dakika chache, na watu wengi wameiacha njia hii kwa kutoijua.

Ama programu ya kuundia mashine pepe, ziko kadhaa, na kwa anayeanza mimi nampendekezea VirtualBox. Ilibuniwa na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2007, na sasa iko chini ya Oracle. Hutumika juu ya Windows na juu ya Linux kwa namna moja, na haidai malipo. Ila ijulikane kwamba kile kiongezo chake kiitwacho Extension Pack kina leseni yake mbali: ni bure kwa matumizi ya binafsi, wala si bure kwa kampuni, nayo shughuli za kawaida hazikihitaji, kwa hivyo kiacheni. VMware Workstation Pro, iliyokuwa ikiuzwa kwa miaka mingi, imekuwa bure kwa watu wote tangu Novemba 2024, na kwa michoro ya skrini ina wepesi zaidi. Mwenye Windows ya daraja la Pro anayo Hyper-V tayari, pamoja na Windows Sandbox, ambayo ni Windows ndogo ya muda: unaifungua, unajaribu kitu kimoja, na ukiifunga kila kilichokuwamo hufutika. Hiyo yafaa sana kwa kutazama faili moja la kutilia shaka, lakini haifai kwa jaribio la kuendelea siku nyingi. Wenye Mac za prosesa mpya za Apple watumie UTM, wakikumbuka kwamba wageni wa kukimbia vizuri humo ni wale walioundwa kwa prosesa za aina ya ARM.

Kumbukumbu ndiyo inayowashinda wengi. Windows 11 yenyewe yataka kumbukumbu isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64, na mgeni wa Windows 11 hudai vivyo hivyo. Basi mwenye kompyuta ya GB 8 akimpa mgeni nusu, mwenyeji atabaki na nusu, na wote wawili watapumua kwa taabu, japo watafanya kazi. Kumpa mgeni zaidi ya nusu ni kujitafutia balaa, kwa kuwa mwenyeji akikosa kumbukumbu mgeni naye hukwama. Kwa kompyuta ya GB 4, namshauri mtu aachane kabisa na mgeni wa Windows 11, ajifunze kwa mgeni wa Linux iliyo nyepesi kama Lubuntu. Diski ya mgeni iwe ya kukua kidogo kidogo kwa kadiri ya matumizi, na ikiwezekana ikae juu ya SSD, maana diski za kuzunguka za zamani ndizo zinazomfanya mtu aichukie kazi hii kabla hajaijua. Na aonaye mgeni akijikokota, huku alama ya kobe wa kijani imetokea chini ya dirisha la VirtualBox, ajue kwamba Windows imeushika ule uwezo wa prosesa kwa ajili ya Hyper-V au kinga zinazoitegemea, na VirtualBox inalazimika kupitia kwake. Wako watakaomwambia azizime kinga hizo apate mwendo. Mimi simwambii hivyo: kinga ya mwenyeji ina thamani kuliko mwendo wa mgeni, na mwenye Windows Pro afadhali amhamishie mgeni wake katika Hyper-V.

Faili la kusakinishia mfumo lipakuliwe kutoka kwa mwenyewe, yaani Windows kutoka Microsoft na Ubuntu kutoka Ubuntu, wala lisichukuliwe kwa fundi aliyelipata kwa fundi mwingine. Nafahamu kwamba GB 5 au 6 za bando si kitu kidogo. Lakini faili hilo hupakuliwa mara moja likatumika kwa wageni wengi, na likishafika lipimwe. Katika Windows andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na mfuatano wa herufi na tarakimu utakaotokea uulinganishe na ule uliotangazwa na mwenye mfumo. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo si lile, au limeharibika njiani. Kwa majaribio Microsoft hutoa pia Windows ya Enterprise ya kutumika siku 90 bila ya kununua leseni, kwa hivyo hapana udhuru wa kumsimamisha mgeni juu ya Windows iliyovunjwa kufuli, ambayo pengine ina maradhi yake tangu siku ya kwanza na kuyafanya majaribio yote yasiaminike.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni snapshoti. Snapshoti ni alama ya wakati: unaiweka, na tangu hapo kila badiliko la mgeni huandikwa pembeni, hata ukitaka kurudi nyuma mgeni hurudi vile vile alivyokuwa saa ile, kama kwamba hapakutokea lolote. Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi linalotumia programu ya hesabu kwa miaka kadhaa, na mwenye programu ametoa toleo jipya linalobadili muundo wa hifadhidata nzima. Mwenye busara atasimamisha mgeni wa Windows ya namna ile ile iliyopo dukani, ataweka humo toleo la zamani, ataingiza nakala ya akiba ya hesabu, atahakikisha zinafunguka, kisha atamzima mgeni na kuweka snapshoti yenye jina la kueleweka, kwa mfano «Toleo la zamani, hesabu zinafunguka, kabla ya sasisho». Jina hilo lisidharauliwe, kwa kuwa baada ya wiki mbili snapshoti zilizoitwa moja, mbili na tatu hazimwambii mtu kitu.

Hapo ndipo atakapoweka toleo jipya. Na asitosheke kuona kwamba limefunguka, maana programu mbovu nazo hufunguka. Aitafute ankara ya zamani kuliko zote aifungue. Atoe taarifa ya mwisho wa mwezi uliopita ailinganishe na ile iliyochapishwa dukani. Atazame jumla ya wadeni, jumla ya mifuko ya saruji iliyomo ghalani, na kodi iliyokatwa, na pakitofautiana kwa shilingi moja aulize kabla ya kuendelea. Kisha arudi kwenye snapshoti, ambako hufika baada ya muda mfupi, alianze sasisho mara ya pili, na safari hii amzime mgeni kwa ghafula katikati ya kazi, kama umeme wetu unavyokatika bila ya kubisha hodi. Akimwasha tena na kuikuta hifadhidata imevunjika, amelipata jambo ambalo hakuna mwuzaji wa programu angemweleza: kwamba sasisho hilo dukani lisifanywe ila kwa kompyuta iliyo juu ya UPS, na baada ya kuweka nakala ya akiba mahali pengine. Jaribio hili la kukata umeme nalipenda kuliko yote, kwa kuwa kulifanya juu ya kompyuta ya kweli ni wazimu, na kulifanya juu ya mgeni hakugharimu chochote.

Lakini watu wengi wakishaijua snapshoti hujiona wamesalimika, nao wameiacha milango wazi. Mgeni hutenganishwa na mwenyeji kwa ukuta, na ukuta huo una milango ambayo sisi wenyewe huifungua kwa kupenda wepesi.

Mlango wa kwanza ni mtandao. VirtualBox humwunganisha mgeni kwa njia iitwayo NAT, nayo humruhusu kutoka kwenda intaneti huku walio nje hawamwingilii. Wengi hudhani hiyo ni kinga kamili, kumbe mgeni aliye katika NAT bado aweza kuzifikia kompyuta nyingine za ofisi ileile. Ile programu hasidi ya WannaCry, iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017 ikafunga mafaili ya hospitali na makampuni katika nchi nyingi, ilikuwa ikisambaa yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa kupitia dosari katika huduma ya Windows ya kugawana mafaili; na programu ya jinsi hiyo haijali imeanzia kwa mgeni au kwa mwenyeji. Njia ya Bridged ina hatari zaidi, maana humfanya mgeni awe kompyuta kamili katika mtandao wa ofisi. Kwa hivyo kila jaribio lisilohitaji intaneti lifanywe na waya wa mgeni umechomolewa, jambo linalotendeka kwa kuondoa alama moja katika mipangilio yake. Na wageni wawili wanaohitaji kuzungumza wao kwa wao wapewe Internal Network, ambayo haina njia ya kwenda nje.

Mlango wa pili ni folda ya pamoja, na huu ndio ulio mbaya kuliko yote kwa sababu ni mtamu. Mtu huifungua folda ya Documents ya mwenyeji kwa mgeni ili ahamishe faili moja, akaisahau. Kisha akaendesha humo programu ya kutilia shaka, na programu hiyo, ikiwa ni ya kufunga mafaili na kudai fidia, haitambui kwamba folda ile ni ya mwenyeji, itayafunga yaliyomo kama ilivyoyafunga ya mgeni. Snapshoti haitamfaa kitu, kwa kuwa hurudisha diski ya mgeni tu. Asiyeweza kuikosa folda ya pamoja aifanye ya kusomwa pasipo kuandikwa, na aiweke folda tupu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Bora zaidi ni kuyatia mafaili ndani ya faili la ISO na kumpa mgeni kama sidii. Ubao wa kunakili wa pamoja nao uzimwe, maana nenosiri ulilolinakili kwa mwenyeji husomeka kwa mgeni. Na flashi ya kutilia shaka isichomekwe kwa kudhani kwamba mgeni ndiye atakayeipokea: aghalabu mwenyeji huiona kwanza.

Hata ukuta wenyewe umewahi kutoboka. Mwezi wa Mei 2015 ilitangazwa dosari iliyopewa jina la VENOM, iliyokaa ndani ya QEMU, programu nyingine ya kuundia mashine pepe, katika sehemu yake inayoigiza kidhibiti cha diski za floppi, ambazo watu walikwisha kuziacha zamani. Na kwa dosari hiyo mshambulizi aliye ndani ya mgeni angeweza kutoka nje. VirtualBox nayo iliguswa kwa kuwa ilirithi msimbo huo, na ikarekebishwa. Yapasa basi programu ya kuundia mashine pepe isasishwe kama inavyosasishwa mifumo mingine, na mgeni aondolewe kila kifaa asichokihitaji. Wanaotaka kuchunguza virusi vyenyewe wajue kwamba vipo vinavyomtambua mgeni, kwa mfano kwa kuitazama anwani ya kadi yake ya mtandao, ambayo kwa VirtualBox huanza na 08:00:27, na vikishamtambua hutulia vikajifanya wema. Programu iliyotulia ndani ya mashine pepe haijathibitishwa kuwa salama. Na kazi ya kuchunguza virusi, asiyeisomea aiache.

Snapshoti vile vile si nakala ya akiba. Zikiachwa zikarundikana hula diski ya mwenyeji hata ikajaa, na diski hiyo ikifa, mgeni na snapshoti zake zote huenda pamoja. Mgeni aliyekugharimu siku nzima kumtengeneza mtoe kwa namna ya faili la OVA, ulihifadhi katika diski ya nje. Wala usiupime mwendo wa programu kwa mgeni, kwa maana mgeni huenda polepole kuliko kompyuta halisi, na hukumu hiyo itakuwa ya dhuluma.

Liko jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Programu ya hesabu iliyounganishwa na mashine ya risiti za kodi, EFD, huku Tanzania, au na mfumo wa eTIMS wa mamlaka ya kodi ya Kenya, haijui kwamba uko katika majaribio. Ukimpa mgeni nakala kamili ya kompyuta ya duka pamoja na mipangilio yake, kisha ukatoa ankara ya kujaribia huku mtandao uko wazi, risiti ya kweli yaweza kwenda serikalini kwa mauzo ambayo hayakuwapo, na kuifuta si kazi nyepesi. Programu za shule na zahanati zinazotuma ujumbe wa simu hali yake ni hiyo hiyo: mzazi hupokea saa tano za usiku habari ya ada asiyodaiwa. Chomoeni waya wa mgeni kabla ya kumwasha kwa mara ya kwanza, kisha mwingie katika mipangilio mfute namba za siri na anwani za kupelekea taarifa, ndipo mwendelee.

Na majina ya watu je? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Faili la mgeni lenye majina ya wagonjwa, namba zao za simu na maradhi yao, likinakiliwa kwa flashi hadi nyumbani kwa fundi, limekwisha toka katika himaya ya zahanati. Badilisheni majina na namba kabla ya jaribio, au jazeni hifadhidata kwa watu wasiokuwapo. Na jaribio likiisha mfuteni mgeni pamoja na faili la diski yake, kwa kuwa kumwondoa katika orodha tu huliacha faili hilo mahali pake.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye karakana za kompyuta na walimu wa vyuo vya ufundi. Vijana mlio nao hujifunza juu ya kompyuta za wateja, kwa sababu hawana nyingine, na kila kosa lao humwangukia mtu aliyeleta mali yake kwa kuwaamini. Kompyuta moja ya GB 16 katika karakana yatosha kuwaweka wageni watatu wadogo kwa wakati mmoja, na humo kijana aweza kuigawa diski vibaya, kuufuta mfumo, kuufunga mtandao na kuufungua, mara nyingi kadiri apendavyo, kisha akarudi kwenye snapshoti na kuanza upya bila ya mtu kudhurika. Wapeni hiyo kwanza, na kompyuta ya mteja waiguse baada ya hapo.